Wenyeji wa Dar, kwanini mnaelekezana kwa vitu ambavyo havipo?

Mgeni_wa_Kirumba (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Mi ni binti wa Mwanza, nimehamia Dar mwezi wa nne, nakaa Tabata kwa mama mdogo. Joto nimelizoea, foleni nimeizoea, mbu wa huku tumeshafahamiana kwa majina. Kitu kilichonishinda ni jinsi mnavyoelekezana njia.

Nisikilizeni kwanza kabla hamjaanza kunicheka. Wiki ya kwanza mama mdogo akaniambia ukirudi shuka Dampo. Nikasema hapo hata sihitaji kuuliza mtu, nitanusa tu. Basi nimekaa dirishani pua nje kama mbwa wa polisi nasubiri harufu ya taka mpaka gari ikanipitisha vituo viwili. Nafika nyumbani kwa miguu, jasho tupu, nauliza mama kwani hilo dampo liko wapi, ananijibu bila hata kuniangalia "ah lilishaondoka zamani, wewe ulikuwa hujazaliwa". Sasa mimi ambaye nilikuwa sijazaliwa nilijueje mama yangu?

Cha pili ndo kimenifanya nilete uzi. Juzi nimeitwa usaili upande wa Kinondoni, dada wa mapokezi akanielekeza kwenye simu: "shuka mwembeni, vuka barabara, nyoosha mpaka sheli, pale sheli kunja kushoto utaona pagala, sisi tunatazamana nalo." Mwembe haupo, kuna duka la simu. Sheli nimeizunguka kama dakika kumi na tano natafuta kile kibao cha njano chenye chaza, kumbe huku kituo chochote cha mafuta ni sheli hata kiwe na jina la nani. Pagala ndo usiseme, nimepita pale mara nne, kuna nyumba ya ghorofa imepigwa rangi, ina mapazia, kuna mtoto anaendesha baiskeli kibarazani. Nimeingia ofisini nimechelewa dakika arobaini, dada ananiambia "si nilikwambia pagala, si lile pale". Nikamwambia dada mbona lina watu. Akasema "eeh walimalizia mwaka juzi".

Na cha tatu, siku nipo kwenye daladala ya Sinza konda akapiga kelele "MAKABURINI WAPO?" gari zima kimya, afu bibi mmoja nyuma yangu akajibu kwa sauti ya chini kabisa "yupo". Nywele zilinisimama.

Halafu nyie mnaoishi Tabata, Sinza, Kimara mkisema "naenda mjini" huwa mnatoka wapi? Si tuko mjini tayari? Naomba kueleweshwa, bila matusi.

---

Chumvi_ya_Feri

😂😂😂 "yupo" imenimaliza

Bado hujapanda mwendokasi wewe. Panda Kimara uje zako Kivukoni uhesabu. Unaanza Kimara unaingia Korogwe, kabla hujashangaa umefikaje Tanga unapita Bucha, unapita Baruti, ukija Manzese uko Argentina bila viza, hatua chache uko Kagera kwa wahaya, afu Mwembechai hakuna mwembe wala chai, halafu unashuka Jangwani. Mvua ya masika ikinyesha siku mbili hilo jangwa linajaa maji mpaka barabara inafungwa na mabasi yanageuzia Magomeni. Ndo maana watani wetu wa jadi Yanga wenye klabu yao maeneo hayo tunawaita vyura, sio kwa ubaya.

Na mjini ni Posta na Kariakoo. Kwingine kote ni nyumbani. Usiulize tena hilo swali mbele za watu.

---

Konda_Mstaafu

Mdogo wangu karibu Dar. Mimi nimening'inia mlangoni miaka kumi na moja, nimeanza na vipanya nikaja DCM nikamalizia na kosta ya Tandika Mwananyamala, kwahiyo hili nalijibu kama fundi.

Kituo huwa hakianzishwi na serikali. Kinaanzishwa na abiria mmoja aliyegonga bodi akasema "konda nishushe hapo penye mwembe", kesho yake wakashuka wawili, wiki ijayo kuna mama kaweka meza ya mihogo, mwezi ujao kuna boda, basi tayari. Serikali ikija kuweka kibanda cha kituo inakuta jina lipo limeshachakaa. Sasa wewe unataka mwembe ukikatwa sisi tukae kikao tubadilishe jina? Nani atawatangazia abiria wote? Wa Mbagala atajuaje?

Na jina lazima likubali mdomo. Unajua kwanini ile makutano ya Ubungo hakuna konda anaita kwa jina la kwenye kibao? Gari iko mwendo, honi zinapiga kelele, abiria wamevaa visikilizi, una sekunde tatu. Utasema neno moja au mawili na herufi ya mwisho uivute. Mataaa. Sheliii. Relinii. Jina refu abiria atakuja kushtuka mko kituo cha mbele akutukane wewe, suka akutukane wewe, na hesabu ya tajiri iko palepale.

Stendi ya mabasi ya mikoani imehama Ubungo tangu 2021, imeenda Mbezi Luis, pale sasa hivi ni majengo ya biashara. Lakini nenda kasimame pale uite "stendi" uone kama watu hawashuki. Tena kabla ya Ubungo mabasi ya mikoani yalikuwa yanaondokea Kisutu huko mjini kabisa, na kuna wazee mpaka leo ukiwaambia unasafiri wanakuuliza "unapandia Kisutu?"

Mfano mzuri kuliko yote ni Sinza kwa Remmy. Remmy Ongala yule mwanamuziki, Dr Remmy mwenyewe, alikuwa anakaa pale, na amefariki 2010. Makonda wa leo wengine walikuwa chekechea, hawajui hata wimbo wake mmoja, lakini kila siku wanamwita pale barabarani, kwa Remmy wapo, kwa Remmy shusha. Mwanamuziki gani mwingine anaitwa hivyo kila baada ya dakika tano?

Halafu swali la mwisho kwako. Kwenu Mwanza kuna sehemu inaitwa Mlango Mmoja. Huo mlango uko wapi tuje kuuona?

---

Mgeni_wa_Kirumba

@Konda_Mstaafu kaka hapo kwenye Mlango Mmoja umenikamata pabaya 😂 sijawahi kuwaza maishani mwangu. Kwetu ni soko la mitumba tu basi.

---

Pini_ya_Ramani

Mimi nitakuwa tofauti na nyie na mtanikasirikia. Hii tabia tunaichekea ila ina hasara. 2022 nchi nzima tumefanya zoezi la anwani za makazi, vijana wamezunguka mtaa kwa mtaa kwenye jua, kila nyumba ikapewa namba na kila kichochoro jina na nguzo. Muulize mtu hapa namba ya nyumba yake. Hajui. Kibao kipo getini kwake kila siku anakipita anaenda kununua vocha. Mtu anaagiza mzigo kutoka China anaandika "karibu na duka la Mangi". Jiji hili sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728, unadhani kuna Mangi wangapi?

Nami niliwahi kuona nyumba inaungua kwa macho yangu, jirani anapiga 114 anasema njooni nyuma ya msikiti, wale wanauliza msikiti gani, anasema huu mkubwa. Gari la zimamoto lilikuwa linasikika king'ora kwa mbali linazunguka mitaa ya jirani. Hakufa mtu, lakini godoro hata moja halikutoka. Sasa hapo utani wa mwembe unakuwaje?

---

Chumvi_ya_Feri

Mkuu nimeenda kuangalia kibao changu saa hii kwa tochi ya simu. Kumbe naishi mtaa wenye jina zuri hivi 😳 miaka mitatu

---

Konda_Mstaafu

@Pini_ya_Ramani hapo kwenye moto huna mpinzani, nakuvulia kofia. Ila kwa daladala bado nasimama pale pale, namba ya nyumba haiitiki mlangoni.

---

Mzee wa Magomeni

Vijana hamjambo. Nimesoma kwa raha. Mimi nimezaliwa Magomeni mwaka 1958 na ningependa kuongeza mawili matatu, kwa sababu naona mnazungumza kama vile tabia hii imeanza na daladala.

Chukueni Kariakoo yenyewe. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 kutoka kwa Wajerumani, jeshi lao lilikuwa na kikosi cha wapagazi, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita kichwani, kikiitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Kambi yao ikawa pale. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao likawa Kariakoo. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi, waliobaki wakatawanyika, kambi ikaondoka, na jina likabaki mpaka leo watu wanalitumia kununulia vitenge. Kwa hiyo binti usione Dampo ni ajabu. Soko kubwa kuliko yote mjini linaitwa kwa kikosi ambacho hakipo miaka zaidi ya mia moja.

Halafu tazameni miti. Mnazi Mmoja, Mwembechai, Mwembeyanga, Mkwajuni, Mbuyuni, Mchikichini, Mikocheni ambako kulikuwa na mikoche. Mtu wa pwani hakuwa na saa wala ramani, alikuwa na kivuli. Chini ya mti ndipo ilipokuwa kahawa, bao, mashauri ya ndoa, na muuza madafu. Ukimwambia mtu "mkwajuni" ulikuwa humwambii mti, ulikuwa unamwambia wapi atakuta watu wa kumwelekeza mbele zaidi. Hilo ndilo dada wa mapokezi alisahau kukueleza. Maelekezo ya Dar si ya kukufikisha, ni ya kukupeleka kwa mtu wa kumuuliza. Ukiona umenyamaza unatafuta mwembe peke yako, umekosea tangu mwanzo.

Majina yaliyowekwa na ofisi ndiyo yanayohama. Ile barabara ya Samora ilikuwa Acacia Avenue enzi ya mkoloni, tulipopata uhuru ikawa Independence Avenue, kisha ndiyo ikapewa Samora. Mtaa wa Uhuru ulikuwa Kichwele. Barabara ya Nyerere ilikuwa Pugu Road, na mimi hadi sasa ulimi unateleza nasema Pugu Road wajukuu wananicheka. Lakini Mnazi Mmoja hakuna aliyeugusa. Mkoloni alipaacha wazi pale kutenga Uhindini na huku kwetu Uswahilini, watu wasichanganyike, sisi tukapageuza uwanja wa kupumzikia na kufanyia mikutano.

Mtaniuliza Magomeni Mapipa ni mapipa ya nini. Kila mzee wa hapa ana jibu lake na wote wanaapa. Nami ninalo langu ila siliandiki, maana jirani yangu yumo humu na tutagombana msikitini.

---

Mgeni_wa_Kirumba

Shikamoo mzee wangu. "Ya kukupeleka kwa mtu wa kumuuliza" nimeelewa leo. Kweli ile siku ya usaili sikuuliza mtu maana mama mdogo alinitisha sana, kasema ukionekana mgeni mjini wanakukwapulia simu.

---

Mzee wa Magomeni

Marhaba binti. Mama mdogo hajakosea. Muulize muuza matunda au fundi viatu, mtu aliyekaa chini na biashara yake. Anayekufuata kukuelekeza bila kuulizwa huyo muage.

---

Baba_Mapacha_Tabata

Naona Dampo limepita juu juu, ngoja nilitetee maana ndo kwetu. Dampo la jiji lilikuwa hapa kweli. Taka zote za mjini zinakuja Tabata, moshi usiku na mchana, inzi mpaka kwenye mchuzi, watoto wanakohoa. Wakazi wakachoka wakaenda mahakamani kuishtaki halmashauri ya jiji, hiyo ni 1988, na wakashinda! Mahakama ikasema jiji liache kutupa taka hapo. Jiji nalo halikuondoka kirahisi, iliendelea kuvutana, lakini mwisho wake taka zikaondoka zikaenda Vingunguti, na wa Vingunguti nao wakapata zamu yao ya kulia.

Kesi yetu ile wanasheria wanafundishwa mpaka leo kwenye mambo ya mazingira. Kwahiyo binti ukishuka Dampo usitafute harufu, shuka kifua mbele.

Wenye nyumba wengine wameanza kutangaza vyumba wanaandika "Tabata karibu na Bima" ili wapangaji wasikimbie jina. Kodi miezi sita na hela ya dalali mwezi mmoja afu unaona aibu kusema Dampo.

---

Fundi_Aluminiamu

Mi naongezea tu "mwisho". Kimara Mwisho, Mbezi Mwisho, Mabibo Mwisho. Nakaa Kibamba, kila siku napita Mwisho mbili ndo nifike kwangu, na mke wangu analalamika tuko mbali. Nikinunua kiwanja nyingine itabidi nihamie baada ya mwisho wa dunia

---

Binti_Rangi_Tatu

Nimekuwa nasoma tu tangu asubuhi nikasema sichangii lakini acha niseme.

Huku Mbagala kuna kituo kinaitwa kwa jina la bibi yangu mzaa mama. Sikitaji maana sitaki watu waanze kutafuta ukoo wetu. Bibi alikuwa anapika vitumbua vya mchele na nazi kwenye kibaraza cha nyumba yake, nyumba ya udongo imeezekwa bati moja moja, anaanza saa kumi usiku ili wa gari la kwanza wasiende kazini na njaa. Hakuna kituo pale wakati huo, makonda walikuwa wanasimama wenyewe wanunue, suka anapewa viwili vya bure ili asimame na kesho. Abiria wakazoea kushukia hapo. Ndo kama alivyosema @Konda_Mstaafu, hakuna mtu aliyekaa kikao.

Amefariki 2009. Wajomba wakauza ile nyumba, hela wakagawana, mama yangu akapata kidogo akanunua kiwanja Chanika. Pale sasa kuna jengo la fremu sita, kuna mtu wa miamala ya simu, kuna saluni, kuna duka la vipuri vya bodaboda. Hakuna anayejua.

Mimi nilirudi kupanga Mbagala mwaka jana kwa sababu ya kazi, na napita pale asubuhi na jioni. Kila siku konda anapiga kelele jina la bibi yangu. Kuna wanaoliita vizuri, kuna mmoja anavuta herufi ya mwisho anaharibu kabisa, bibi angemtandika na mwiko. Mwanzoni nilikuwa nageuka sura dirishani. Siku moja nikamuuliza konda kijana tu, huyu mnayemtaja alikuwa nani, akaniambia "dada sijui, nadhani alikuwa tajiri mwenye magari". Nikacheka mpaka watu wakaniangalia. Bibi yangu hakuwahi kumiliki hata baiskeli.

Sikumwambia kitu. Nikamlipa nauli nikashuka.

---

Konda_Mstaafu

Dada umenikalisha chini. Mimi njia ya Mbagala nimeipiga miezi kama minane hivi 2006 nikiwa deiwaka, konda wa kibarua cha siku. Kama ni kile kibaraza ninachokifikiria, kilikuwa na mti wa mlimao pembeni na benchi limefungwa kwa waya, na yule bibi alikuwa hapendi ukimwita bibi, anataka shangazi.

---

Binti_Rangi_Tatu

Ndiyo. Shangazi. Na mlimao ulikuwepo, wajomba waliukata.

---

Mgeni_wa_Kirumba

Mimi nalia huku ofisini jamani. Na ndio, kazi nilipata, walinisamehe kuchelewa. Nakaa natazamana na pagala.

---

Konda_Mstaafu

Vile vitumbua vyake vilikuwa havina mfano, vya pembeni vinakauka vinaliwa kama kashata. Mimi asubuhi nilikuwa sina hela mpaka gari izunguke mara moja, nachukua vinne nalipa mchana. Siku nyingine nasahau.

---

Binti_Rangi_Tatu

Alikuwa na daftari la madeni, la mistari, gamba jekundu. Mama analo mpaka leo huko Chanika kaliweka kwenye sanduku na kanga zake. Kurasa za mwisho mwisho ni makonda watupu. Ulikuwa unaitwa nani barabarani?

---

Konda_Mstaafu

Hapana dada tuishie hapo hapo 😂

---

Chumvi_ya_Feri

Taja jina wewe

---

Baba_Mapacha_Tabata

Taja jina mkuu, miaka yote hiyo na riba

---

Konda_Mstaafu

Nitumie namba ya mama kule pembeni. Vinaweza kuwa kama kumi na sita hivi.